Leso mlangoni: mwaka mzima ndani ya fleti ya Tudor, Mombasa

Tuliponunua fleti hii, hakuna aliyetuuliza tutalala vipi mwezi wa pili. Dalali aliuliza kama pesa ni taslimu au za benki. Mwenye jengo aliuliza kama tumependa vigae vya jikoni. Jamaa zetu waliuliza pa kuegesha gari. Mama yangu peke yake ndiye aliyeuliza, "Madirisha yaangalia wapi?" Nikamwambia yaangalia bahari, mama, ukisimama roshani waiona Tudor yote mpaka ng'ambo. Akanyamaza. Hakuwa akiuliza mandhari.

Sasa nimeishi humu mwaka mzima. Nilihamia na vuli, nikapita upepo wa kaskazi, nikapita masika, na upepo wa kusi umeingia tena niko hapa hapa. Naandika kwa ajili ya anayetafuta nyumba Mombasa na kuonyeshwa picha zilizopigwa asubuhi, milango yote wazi. Ningeandika Julai ningetoa nyota tano bila kufikiri. Ningeandika Februari ningetoa moja. Leo natoa tatu na nusu, na nyota moja na nusu katika hizo ni jasho la fundi aliyetutengenezea paa. Aliyetuuzia hana mkono wake hapo.

Kwanza mjue ni nyumba gani. Vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko, vyoo viwili na roshani moja. Iko ghorofa ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho, na jengo halina lifti. Ngazi ni 72, nilizihesabu nikiwa nimebeba unga. Tulilipa shilingi 7,800,000. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mume wangu ni baharia wa meli za mizigo, kwa hivyo pesa hizo ni miaka 16 ya yeye kuwa mbali nasi, Idi nyingi akizisikia kwa simu. Nalisema hili ili mtu asidhani kulalamikia joto ni kudekeza mwili. Ukitoa umri wako ukanunua nyumba, una haki ya kulala ndani yake.

Nimezaliwa Majengo, kwenye nyumba ya Kiswahili ya bati, na nyumba yenyewe ni nyumba bila ardhi. Watu wa Pwani hawahitaji kuelezwa: kuta ni zako, bati ni lako, ploti ni ya mwingine, na kila mwezi unampelekea kodi ya ardhi. Baba aliilipa mpaka alipofariki na mama anailipa hadi leo. Nyumba kama hiyo huwezi kuipandisha ghorofa bila ruhusa ya mwenye ploti, huwezi kuiweka rehani benki, na ploti ikiuzwa hujui kesho yako. Nimekua nikisikia wazee wakizungumzia jambo hilo barazani kwa sauti ya chini. Ndiyo maana karatasi yenye majina yetu mawili ilikuwa na uzito kwangu kuliko kitu kingine chochote. Na ndiyo maana karatasi niliitazama kwa macho mawili, nyumba yenyewe nikaitazama kwa jicho moja.

Upande wa karatasi sina kinyongo. Wakili wetu nampa nyota tano. Alipoenda kufanya upekuzi kwenye masjala ya ardhi alikuta hati ya ploti nzima bado imefungwa na rehani ya benki, kwa sababu mjenzi alikopa pesa za kujengea. Dalali alituambia hilo ni jambo dogo, tulipe tu asilimia 10 ya kwanza, mengine yatajipa. Wakili akakataa katakata. Aliandika kwenye mkataba kwamba pesa iliyobaki haitoki mpaka benki iiachilie fleti yetu, na kwamba lazima tupate hati ya fleti yenyewe, kwa jina letu, kufuatana na sheria ya umiliki wa fleti ya mwaka 2020. Alidai pia vyeti vya kutodaiwa, kimoja cha kodi ya kaunti na kimoja cha kodi ya ardhi, akahesabu miaka iliyobaki kwenye lisi, yaani mkataba wa kukodi ardhi. Ushuru wa stempu wa mjini ni asilimia 4 ya thamani, na kwetu ulitoka shilingi 312,000. Hizo tafadhali ziwekeni kando mapema, maana bei ya dalali haizitaji. Siku 90 za mkataba zilipita, zikaongezeka nyingine, lakini hati ilipotoka ilikuwa safi. Mama aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, akaomba dua, akanirudishia.

Sasa nyumba yenyewe.

Tulionyeshwa Jumamosi moja ya Julai, saa nne asubuhi. Julai ni kusi. Upepo unatoka baharini kusini mashariki, umepoa, na ile asubuhi ulikuwa umeingia sebuleni mpaka mapazia yamevimba kama tanga. Dalali alifungua mlango wa roshani na mlango wa kuingilia, yote miwili kwa pamoja, akatuweka katikati. Mume wangu alifumba macho. Mimi nilijiona nimekaa pale Ramadhani baada ya futari, chai ya mkandaa mkononi. Hatukuingia vyumba vya nyuma kwa zaidi ya dakika moja. Julai karibu kila nyumba Mombasa ni nzuri, na hilo nilipaswa kulijua mimi, mtoto wa Majengo.

Tulihamia mwisho wa Oktoba, mvua za vuli zikiwa zinakuja na kukatika. Wiki ya tatu niliona doa kwenye dari ya chumba chetu, karibu na waya wa feni, kubwa kama sahani ya chai na rangi yake kama ya kahawa iliyomwagika. Nikamwonyesha msimamizi wa jengo. Akasema ni rangi mpya inakauka. Nikakubali, kwa sababu nilitaka iwe hivyo.

Kisha Disemba kaskazi ikashika.

Wazee wetu waliipenda kaskazi kwa kazi yake. Ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi hadi bandari ya kale, na kusi ikayarudisha. Inavuma kutoka kaskazini mashariki, na nyumba iliyofunguka upande huo hupata hewa hata Februari kwenye joto la mwaka. Sisi upande huo tuna ukuta. Jirani amejenga ghorofa sita karibu sana na sisi, hata watu wawili wakinyoosha mikono mmoja huku mmoja kule watagusana. Julai ukuta ule sikuuona, maana kusi haihitaji kupita pale. Kaskazi ilipokuja ikagonga mgongo wa jengo la jirani ikapita zake juu yetu. Niliisikia ikivuma kwenye antena za paa wakati sebuleni hata ukurasa wa daftari hautikisiki.

Vyumba viwili vya kulala vinaangalia magharibi. Kuanzia saa nane mchana jua linapiga ukuta ule mpaka magharibi, na ukuta wa zege na mawe huyanywa yale joto polepole halafu huyatoa usiku wote. Juu yetu nako hakuna jirani wa kutukinga, ni paa la zege tupu. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri linapita utosini kabisa, na paa la kulala kama letu hulipokea lote. Usiku mmoja wa Februari, saa tano, nilipanda kiti nikaweka kiganja kwenye dari. Ilikuwa na moto kama ubavu wa birika lililoteremshwa jikoni punde hivi. Kipimajoto cha ukutani kilisema 32. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote, lakini feni haipoozi hewa, inaisukuma tu, na ilichokuwa inasukuma ni joto la dari kutuletea kitandani. Binti yangu alihamisha godoro akalala sakafuni sebuleni. Mwanangu mdogo alitoka vipele vya joto shingoni. Mimi nilikuwa nakwenda shule macho mekundu, wanafunzi wakidhani nimelia.

Mama alikuja siku moja mwezi huo huo. Alipanda ngazi zote 72 kwa kupumzika kila ghorofa. Alipoketi alivua leso moja ya kujitanda, nikadhani anataka kujipepea. Badala yake akainuka, akaenda mlango wa chumba cha nyuma, akaishika leso kwa vidole viwili juu, akaiachilia pindo la chini lining'inie kwenye kizingiti. Ikasimama wima. Akaenda mlango wa pili, akafanya vile vile. Ikasimama. Sebuleni, karibu na roshani, pindo likainuka kidogo likalala. Akanitazama akasema, "Mwanangu, upepo waingia, hauna pa kutokea."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Nyumba yake ya Majengo, yenye thamani ndogo sana mbele ya macho ya benki, haina shida hiyo. Ukiingia mlango wa mbele kuna ukumbi mrefu uliopita katikati, vyumba kushoto na kulia, na mwisho wake uwani. Upepo ukiingia barazani hutokea uani. Bati liko juu sana, na pembe za mbele na nyuma chini ya bati zimeachwa wazi, basi joto linapanda na kutoka. Upenu umetoka nje mbali, ukuta haupigwi na jua wala na mvua. Hakuna mhandisi aliyeichora. Na Februari mama hulala na shuka.

Sisi tulikuwa na madirisha ya kusukuma, yale ya alumini yanayopita moja nyuma ya jingine. Yanapendeza na hayashiki kutu, lakini hesabu mwenyewe: dirisha la namna hiyo hata ukilifungua lote, nusu yake inabaki kioo. Nimelipia dirisha zima nikapata nusu ya hewa. Na milango ya vyumba ikifungwa usiku, chumba kinakuwa chupa.

Mvua za masika zilianza mwezi wa nne, na hapo nikasahau joto nikapata jingine. Hapa Mombasa Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Kusi inakuwa imeanza, inaibeba mvua na kuipiga kwenye madirisha ya sebule, yale yale niliyoyapenda Julai. Juu ya madirisha hayo hakuna upenu hata wa shubiri moja. Maji yakawa yanaingia kwenye reli ya dirisha, yanajaa, yanafurika ukutani, na sofa ikanywa. Nguo zilikaa kambani siku tatu zikarudi na uvundo. Buibui langu zuri nililolitundika nyuma ya mlango likaota kuvu jeupe mabegani, viatu vya ngozi vya mume wangu vikawa kijani. Chumvi ya mezani ikawa maji. Mambo ya masika hayo kila mtu wa Pwani anayajua, na dawa yake ni ile ile ya nyanya zetu, ubani na udi kwenye chetezo, nguo juu yake, kabati kuachwa wazi jua likitoka. Sikuilaumu nyumba kwa hayo.

Ila usiku wa mvua kubwa ya Mei, baada ya saa nane, nilisikia tone kwenye mto wa kulalia. Nikadhani naota. Tone la pili likanipiga sikioni. Nilipowasha taa, lile doa la vuli lilikuwa limeenea kama ramani, rangi imejikunja, na maji yanateremka kwenye waya wa feni. Nilizima stima nzima kwenye bodi, nikawatoa watoto, nikasogeza kitanda gizani peke yangu, mume wangu akiwa baharini. Niliweka sufuria tatu na beseni. Mpaka alfajiri nilikuwa nimemwaga beseni mara nne.

Asubuhi nilimpigia mwenye jengo, akasema alishauza, si lake tena. Msimamizi akasema paa ni la ghorofa ya nne, tulitengeneze wenyewe. Majirani wa chini, nasema kwa huzuni maana ni watu wema, wakasema vivyo hivyo. Ni wakili tena aliyetusaidia: paa ni mali ya pamoja, kama ngazi, kama geti, kama tangi, na matengenezo yake ni ya wamiliki wote kupitia shirika lao. Sheria imeandika hivyo. Tulikuwa tunalipa ada ya shilingi 4,500 kila mwezi, kila fleti, na shirika lenyewe halikuwa limewahi kukutana hata mara moja. Tuliitisha mkutano chini kwenye maegesho, viti vya plastiki, watu wakazungumza mpaka isha. Walikubali kulipa nusu, na nusu nilipe mimi nisisubiri. Nilikubali. Nilitaka kulala.

Fundi alikuja kwa kuambiwa na kaka yangu. Ni mzee wa makamo kutoka Kisauni, mpole, haongei sana. Waliotangulia, wawili, walitaka kupaka dawa nyeusi ya kuzuia maji siku hiyo hiyo na kuondoka na pesa. Huyu hakupaka kitu. Alizunguka paa lote kwa miguu mitupu, polepole, akisimama pale anaposikia ubaridi. Kisha akapiga magoti kwenye shimo la kutolea maji akaingiza mkono hadi kiwiko. Akatoa majani ya mwarobaini yaliyooza, manyoya ya kunguru, na mifupa ya kuku, mifupa mingi, kunguru wameibeba kutoka majalalani wakaila pale juu na kuiacha. Bomba lote lilikuwa limeziba. Akaniita nione pembe ya pili: hapo maji yalikuwa yamesimama vidole vitatu, kwa sababu paa limetengenezwa bila mteremko, limelala kama meza. "Mama," akaniambia, "dawa waweza kupaka mara kumi. Maji yakikosa njia yatatafuta chumba chako."

Ilichukua siku kumi na mbili, kwa kuvizia siku za jua. Alibandua ile saruji ya juu iliyokuwa imepasuka, akamwaga nyingine yenye mteremko kuelekea mashimo mawili, akatoboa la tatu, akaweka vikapu vya waya juu ya yote ili kunguru wasifike. Halafu akapaka dawa tabaka mbili na kuipandisha ukutani shubiri moja pembeni zote, kwa sababu maji hupenda kupita kwenye pembe. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliziba mashimo yote kwa makusudi, akajaza paa maji, akayaacha siku mbili. Nililala chini ya bwawa lile usiku wa kwanza nikitazama dari kwa tochi ya simu. Halikudondoka tone. Siku ya tatu alikuja, akazibua, maji yakaondoka yote kwa muda wa kunywa chai. Ndipo alipopokea pesa zake za mwisho.

Nilimweleza habari za Februari. Akasema basi juu ya dawa tupake nyeupe, nyeupe kabisa, jua lirudi lilikotoka. Paa jeusi lingetuua. Tukapaka. Najua Juni na Julai si kipimo cha joto, kwa hivyo sitasema limekwisha. Lakini Agosti iliyopita kulikuwa na siku tatu za jua kali bila wingu, nikapanda kiti tena usiku. Dari ilikuwa vuguvugu tu. Kabla ya hapo hata siku za kawaida za kusi ilikuwa inachoma kiganja.

Tulimpa na kazi ya madirisha. Vyumba viwili vya magharibi tumeondoa ya kusukuma tukaweka ya vioo vya kupanga, yanayofunguka yote, shilingi 58,000 kwa mawili pamoja na kazi. Juu ya kila mlango wa chumba ametoboa nafasi ya upana wa mlango, akaweka wavu wa mbu, ili milango ikifungwa hewa ipite. Upande wa jirani, jikoni, ametoboa matundu mawili juu karibu na dari; kaskazi haitaingia pale kwa nguvu, lakini joto litapata pa kutokea. Na madirisha ya sebule yamepata upenu wa bati, si mzuri wa macho, mvua ya Juni haikuingia.

Mengine niyapitie haraka. Stima haina tatizo kubwa kuliko mtaa mwingine. Kelele za usiku ni chache. Hewa ya chumvi inakula vyuma: geti, bawaba, mgongo wa friji, mwaka mmoja na bawaba mbili zimekatika, kwa hivyo rangi ya kuzuia kutu ni ya kila mwaka na bawaba ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu.

Maji yanastahili maneno zaidi. Mji wetu maji yake hutoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi kusini, na yanapotufikia ni ya mgao. Kwetu mfereji hutoa siku mbili kwa wiki, wakati mwingine moja. Dalali alisema jengo lina kisima, na ni kweli, lakini ni cha maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu, kichwa cha bafu kinajaa ukoko mweupe, na hita ya maji ya jirani yangu wa ghorofa ya tatu imeoza kwa ndani. Maji matamu ya kupikia nanunua kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20 shilingi 50 mpaka mlangoni, na kijana anayepandisha ngazi zile zote anastahili kila senti. Muulize mwenye nyumba swali hili kwa maneno haya haya: kisima ni cha maji matamu au ya chumvi? Kisha fungua bomba uonje mwenyewe.

Kwa hivyo nyota zangu ni hizi. Wakili, tano. Fundi, tano, na nampigia debe kila ninapopita. Dalali, moja, kwa kuijua kaskazi na kunyamaza. Fleti ilivyouzwa, mbili. Fleti ilivyo sasa, tatu na nusu, na nitairudia Machi nikishalala humu kaskazi ya pili.

Ghorofa ya pili kuna fleti inauzwa. Jumamosi iliyopita nilikutana ngazini na mke na mume vijana, yeye ana mimba kubwa, wameletwa saa nne asubuhi na dalali mwingine, nyuso zao zimejaa furaha ile ile niliyokuwa nayo mimi. Niliwasalimu, nikawaambia kama hawatachoka warudi saa kumi alasiri, waingie vyumba vya nyuma, waweke kiganja ukutani. Sikudhani watarudi. Saa kumi na robo nilisikia hodi. Nikateremka nao, nikampa yule dada leso yangu, nikamwonyesha namna ya kuishika. Sebuleni ikapepea vizuri. Mlango wa chumba cha nyuma pindo likainuka kidogo, likalala. Akasimama nalo pale kwa muda, mkono mwingine tumboni, kisha akaniuliza kaskazi huingilia upande gani. Nikafungua dirisha la jikoni nikamwonyesha ukuta wa jirani.